Milima ya Jirani na Tokyo: Maswali ya Wanafunzi na Majibu Yake

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa kubadilishana walioko Tokyo na mikoa inayoizunguka. Wengi wana Jumamosi moja, bajeti ndogo na viatu vya kuendea darasani. Saa tulizotaja ni za Kiswahili. Kwenye mabano tumeweka saa ya ratiba za Japani, kwa sababu ubao wa kituoni utakuandikia 16:30, hautakuandikia saa kumi na nusu.

Sijawahi kupanda mlima wowote maishani. Nianzie wapi, na nitoke saa ngapi? — Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Shinjuku

Anzia Takao. Una mita 599 tu, uko Hachioji, ndani ya Tokyo yenyewe, na treni inakushusha miguuni pake. Panda treni ya Keio kutoka Shinjuku hadi Takaosanguchi, kituo cha mwisho. Ile ya haraka hutumia chini kidogo ya saa moja na nauli haifiki yeni 500 ukilipa kwa kadi ya Suica au Pasmo. Chunguza tu usiingie treni ya viti vya kukatia nafasi, maana ile ina malipo ya ziada.

Njia za kupandia ni kadhaa. Namba 1 imesakafiwa karibu yote, ina urefu wa kilomita 3.8, na inapita kwenye hekalu la Yakuo-in lililoanzishwa mwaka 744. Ukiwa na viatu vya kawaida, fuata hiyo. Namba 6 inapanda kando ya kijito, ina mizizi na mawe ya kukanyagia ndani ya maji, na mwishoni ina ngazi ndefu za mbao. Ni nzuri sana wakati wa joto, ila mvua ikinyesha mawe yale huteleza kama sabuni. Nyakati za msongamano njia hiyo huruhusiwa kupanda tu, hakuna kushukia. Njia ya Inariyama hufuata mgongo wa mlima na ni ya udongo. Kwa yoyote kati ya hizi tenga saa moja na nusu hadi mbili za kupanda. Wapo wanaopanda nusu ya kwanza kwa treni ya kamba, ambayo sehemu yake kali kabisa ina mwinamo wa nyuzi 31 na dakika 18, mkali kuliko reli nyingine yoyote ya aina hiyo nchini Japani.

Kuhusu saa: uwe umeshashuka Takaosanguchi saa mbili asubuhi (8:00). Kuanzia katikati ya Novemba hadi mwanzo wa Desemba, majani yanapogeuka mekundu, anayefika saa nne hutembea akiutazama mgongo wa mwenzake hadi kileleni.

Takao ukiuzoea, safari ya pili iwe Jinba, mita 855, na hapa ndipo pa kujifunza jambo litakalokufaa milima yote ya Japani: anzia penye mabasi machache, malizia penye treni nyingi. Toka kituo cha Takao, mlango wa kaskazini, panda basi hadi Jinba-kogen-shita, mwendo wa kama dakika 40. Panda Jinba, kwenye sanamu ya farasi mweupe, kisha fuata mgongo wa mlima kupitia Kagenobu (mita 727) na Shiroyama (mita 670) hadi Takao, ushukie Takaosanguchi. Ni mwendo wa saa sita hivi. Ukichelewa, utakuta treni za kurudi zinapishana hadi usiku. Ukiigeuza safari hiyohiyo, ukichelewa dakika kumi unaweza kubaki kituo cha basi msituni, giza linaingia na basi limeshaondoka.

Nimezaliwa Moshi na nimefika kilele cha Uhuru. Klabu ya chuo imenialika Tonodake, mita 1,491. Kweli kilima hicho kinahitaji maandalizi? — Mwanafunzi wa uhandisi, Yokohama

Kinahitaji, kaka, tena ya aina nyingine. Kilimanjaro kinachokubana ni hewa. Unapanda kwa siku tano au sita, pole pole, mpagazi amebeba mzigo na kiongozi anakuangalia, kwa kuwa sheria ya hifadhi inamtaka awepo. Tonodake hewa ipo tele, lakini hakuna kiongozi wala mpagazi, na yote unayamaliza kwa siku moja. Kutoka Okura, karibu mita 290 juu ya usawa wa bahari, unapanda mita 1,200 ndani ya kilomita 7, sehemu kubwa ikiwa ngazi za magogo. Kisha unazishuka zote. Siku ya pili yake ni magoti na misuli ya mapaja itakayokukumbusha.

Fanya hesabu kabla ya kukubali. Ramani za Japani huandika muda wa kila kipande cha njia, nao ni muda wa kutembea mfululizo, bila kupumzika. Chukua saa tatu na nusu kupanda na mbili na nusu kushuka: jumla sita. Mgeni azidishe kwa 1.2, zinakuwa saa saba na dakika 12. Ongeza dakika 40 za chakula. Ukianza kutembea saa mbili asubuhi (8:00), utamaliza karibu saa kumi jioni (16:00). Mei hakuna shida. Mwanzoni mwa Desemba jua la Tokyo huzama karibu saa kumi na nusu (16:30), na chini ya miti mirefu giza hutangulia. Kwa hiyo Desemba panda treni ya alfajiri ya Odakyu kutoka Shinjuku hadi Shibusawa, saa moja na dakika kumi hivi, na basi la Okura la mapema kadiri iwezekanavyo. Au waombe wenzako mbadilishe mwende Oyama, mita 1,252, ambako nusu ya chini kuna treni ya kamba.

Wakati wa kushuka fupisha hatua na usinyooshe goti kabisa. Watu huumia zaidi wakishuka kuliko wakipanda, kwa sababu wamechoka na wanaona kazi imekwisha.

Nimeona viatu vya mlimani kwenye duka la mitumba, yeni 2,000, vinang'aa kama vipya. Ninunue? — Mwanafunzi, Chiba

Usinunue kabla ya kujua vilitengenezwa mwaka gani. Sisi tuliokulia kwenye mitumba tumezoea kukagua ngozi, mshono na kisigino, na kwa viatu vya kawaida ukaguzi huo unatosha. Viatu vingi vya mlimani vina tabaka la katikati la poliurethani kati ya soli ya mpira na kiatu chenyewe. Tabaka hilo hushambuliwa na unyevu wa hewa na kumomonyoka polepole. Wajapani huita kasuibunkai. Kiasi cha miaka mitano baada ya kutengenezwa, hata kama kiatu kilikaa kabatini bila kuvaliwa, soli inaweza kubanduka nzima kwa mkupuo mmoja, nawe uko katikati ya mteremko. Kung'aa kwake kunaweza kuwa ndiyo dalili: kilinunuliwa zamani, hakikuvaliwa.

Kwa hiyo pinda kiatu kwa mikono miwili kwa nguvu, kisha bonyeza tabaka la katikati kwa ukucha. Ukiona nyufa ndogo, unga unaodondoka au mahali panaponata, kirudishe rafuni. Na kwa kiatu chochote, beba mita mbili za kamba nyembamba au mkanda wa gundi; soli ikibanduka, ifunge kuzunguka kiatu chote, mbele na nyuma, ushuke taratibu.

Fedha zako ziweke kwenye viatu vipya vya bei nafuu na koti la mvua. Maduka ya Workman huuza mavazi ya kazi ya bei ya chini, yakiwemo makoti na suruali za mvua ambazo kwa milima hii midogo zinafaa. Wanaume wenye miguu mikubwa watafute mapema, kwa maana saizi za Japani hupimwa kwa sentimita na zaidi ya 29 hazipatikani kila duka. Fulana ya pamba iache bwenini: ikilowa jasho haikauki, na juu kuna baridi, kwani kila mita 100 unazopanda joto hupungua takriban nyuzi 0.6. Vaa ya poliesta, hata ya kuchezea mpira.

Mimi ni Muislamu. Nibebe nini cha kula, na sala nifanyeje? — Dada kutoka Zanzibar, aliyeko Tama

Pika mwenyewe, dada. Ndiyo njia rahisi na ya uhakika. Chapati hukaa vizuri begini. Viazi vitamu vya kuoka, wanavyoviita yaki-imo, huuzwa vya moto kwenye supamaketi nyingi, navyo pamoja na ndizi na mayai ya kuchemsha ni chakula cha mlimani kisicho na maswali. Ukinunua onigiri (tonge la wali), soma karatasi ya nyuma. Alama za kuzitafuta ni 豚 (nguruwe), ラード (mafuta ya nguruwe), 酒 (pombe ya mchele), みりん (mirin, kiungo chenye pombe) na ゼラチン (jelatini, ambayo mara nyingi ni ya nguruwe). Usidhani onigiri ya samaki ni salama moja kwa moja, kwa kuwa kitoweo chake mara nyingi kimeungwa kwa mirin. Na tambi za soba zinazouzwa Takao, ingawa hazina nyama, mchuzi wake kwa kawaida una mirin.

Maji yana hesabu yake: uzito wako kwa kilo, mara saa za kutembea, mara 5, unapata mililita unazopoteza. Mwenye kilo 60 atakayetembea saa 6 hupoteza kama mililita 1,800. Beba angalau robo tatu ya hizo, na Julai na Agosti beba zote pamoja na kitu chenye chumvi. Anayekunywa maji matupu lita mbili huku akitoka jasho ndiye ambaye mara nyingi hubanwa na misuli njiani.

Kwa sala, tafuta uwanda mpana nje ya njia, mbali na ukingo. Kibla kutoka Tokyo ni nyuzi 293 kutoka kaskazini halisi, yaani magharibi ikielekea kaskazini. Maji ya udhu yatie kwenye chupa yake. Mtu akinyanyua mguu hadi kwenye sinki la choo cha mlimani huwatatiza wengine, na baadhi ya vyoo hivyo havina maji kabisa. Mapipa ya taka pia usitarajie. Kila ganda na kila karatasi hurudi nawe nyumbani.

Kila mahali wanasema "usipotee", lakini njia si zina alama? Mtu anapoteaje? — Mwanafunzi wa misitu, Fuchu

Swali lako ni muhimu kuliko yote ya safari hii, maana kupoteza njia ndiyo sababu ya kwanza ya watu kukwama milimani Japani. Katika takwimu za polisi za mwaka 2023, waliokwama walikuwa 3,568, na karibu theluthi moja walikuwa wamepotea tu, hawakuanguka wala kuugua.

Wanapotea hivi. Milima ya Okutama (magharibi mwa Tokyo) na Tanzawa (Kanagawa, uliko Tonodake) imejaa mashamba ya miti ya sugi na hinoki iliyopandwa kwa mbao. Wakataji na wapogoaji wana vijia vyao, na kijia kilichopitwa wiki iliyopita huonekana wazi kuliko njia yenyewe. Huandikwa 作業道, njia ya kazi, kama kimeandikwa. Halafu kuna tepe za waridi zilizofungwa kwenye miti. Nyingine ni za wapanda mlima, nyingine ni za wakata miti kujua mti upi unakatwa, nawe huwezi kuzitofautisha kwa macho. Usifuate tepe peke yake. Ukikuta kamba au matawi yamelazwa kukatiza kijia, maana yake si huku. Ukiona 通行止, njia imefungwa, mara nyingi kwa maporomoko ya udongo, nawe rudi. Neno 巻き道 ni njia ya kukizunguka kilele.

Weka programu ya Yamap na upakue ramani ya mlima wako usiku wa kuamkia safari, ukiwa kwenye waifai. Njiani weka simu kwenye hali ya ndegeni: GPS inaendelea kufanya kazi, betri haimalizwi na simu inayotafuta mtandao bondeni. Tazama kitone chako kila penye njia panda, si pale tu unapoanza kuwa na shaka. Betri ya akiba na taa ya kichwani ni za lazima hata kwa safari ya asubuhi. Taa ya simu inashika mkono mmoja na kula betri ileile unayohitaji kupigia msaada.

Ukishagundua kijia kimefifia, simama. Rudi ulikotoka hadi mahali ulipokuwa na uhakika, hata kama ni kupanda nusu saa. Ikiwa huwezi kupatambua, panda kuelekea mgongo wa mlima, kwa sababu njia nyingi hupita huko na simu hupata mtandao. Usishuke kwenye kijito. Akili itakwambia maji yanakwenda kijijini, na ni kweli yanakwenda, ila katika milima hii yanapitia kwenye maporomoko. Unashuka la kwanza la mita mbili, la pili la mita tatu, unafika la mita kumi usiloweza kulishuka, na ulikotoka huwezi tena kupanda. Giza likikukuta, kaa, vaa nguo zote ulizo nazo, piga 110 (polisi), na usome namba za latitudo na longitudo kwenye ramani yako.

Kabla ya yote hayo, andika mpango wa safari, tozan-todoke. Unaweza kuutumbukiza kwenye sanduku lililo mwanzo wa njia, au kuutuma kwa mtandao kupitia huduma ya Compass; usipothibitisha kwamba umeshuka, mtu uliyemwandika hupata ujumbe. Mwandike mwenzako wa bwenini, si mama aliyeko Kisumu.

Dubu wapo kweli karibu na Tokyo? — Mwanafunzi, Kodaira

Wapo. Ni dubu weusi wenye alama ya mwezi kifuani, na wanaishi Okutama, Tanzawa na hata milima ya Hachioji. Mashambulizi mengi hutokea mikoa ya kaskazini, lakini mwaka 2025 idadi ya vifo nchini ilivunja rekodi, hivyo ramani ya dubu walioonekana ya mkoa unaokwenda itazamwe kabla ya kutoka. Bango la 熊出没注意 ni onyo hilohilo. Funga kengele kwenye begi au zungumzeni, hasa alfajiri, jioni na karibu na kijito, ambako sauti ya maji huwafanya msisikiane. Ukimwona mbali, rudi nyuma taratibu ukimtazama, usikimbie. Akikujia mwilini, lala kifudifudi na ufungamanishe vidole nyuma ya shingo. Ndani ya treni zima kengele.

Kinachoweza kukupata kwa urahisi zaidi ni nyigu wakubwa, suzumebachi, wakali kuanzia Agosti hadi Oktoba. Aina kubwa kabisa hujenga kiota ardhini. Wanavutwa na nguo nyeusi na manukato, kwa hiyo vaa kofia ya rangi hafifu. Akikuzunguka mmoja huku akigongagonga meno, kiota kiko karibu: inama, rudi ulikotoka bila kupunga mikono. Aliyeumwa akianza kuvimba midomo au kuhema kwa shida, piga 119 (ambulensi) hapohapo.

Na Tanzawa kuna ruba wa nchi kavu, kuanzia Aprili hadi Novemba, wengi zaidi baada ya mvua. Pulizia viatu na soksi maji yenye chumvi nyingi, asilimia 20 hivi. Akishakunata mwekee chumvi, ataachia mwenyewe. Damu itaendelea kutoka kwa muda kwa sababu mate yake huizuia kuganda. Osha, bandika plasta.

Chuo kilinikatia bima. Nikivunjika mguu mlimani inalipa? — Mwanafunzi, Saitama

Isome upya. Bima ya ajali ambayo vyuo vingi huwakatia wanafunzi inahusu masomo na shughuli za chuo, si matembezi yako ya Jumapili. Bima ya afya ya taifa, ambayo kila mwanafunzi anayekaa zaidi ya miezi mitatu hujiunga, hulipa asilimia 70 ya matibabu. Uokoaji ni suala jingine: polisi na zimamoto kwa kawaida hawatozi, lakini mkoa wako wa Saitama unatoza helikopta yake katika baadhi ya milima tangu Januari 2018, na wenyeji wakiajiriwa kukutafuta, posho yao ni juu yako. Bima za mlimani za siku moja zipo, huanzia yeni mia kadhaa. Kadi ya ukaazi pia ibebe, ndani ya mfuko usiopenya maji. Sheria inakutaka uwe nayo wakati wote, mlimani ukiwemo.

Januari tunaweza kwenda, au tusubiri machipuko? — Mwanafunzi, Hachioji

Nendeni. Upande huu wa Japani, kipupwe ni kikavu na anga ni safi, na Januari ndipo Fuji huonekana vizuri kutoka Takao na Oyama. Asubuhi udongo unakuwa umeganda na kuinuliwa na sindano za barafu. Kufikia mchana zinayeyuka na njia inakuwa tope la kuteleza, basi ondokeni mapema. Theluji ikiwa imeanguka wiki hiyo, beba minyororo ya miiba ya kuvalisha viatu. Machipuko nayo yana lake: Februari hadi Aprili chavua ya sugi hujaa hewani, na barakoa itakusaidia.

Na Fuji je? — Wengi

Msimu ni Julai hadi Septemba 10. Tangu 2025 njia zote nne hutoza yeni 4,000, na malango hufungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa tisa usiku (14:00 hadi 03:00) kwa asiye na nafasi ya kulala kwenye kibanda. Una mita 3,776, juu ni baridi hata Agosti. Nje ya msimu vibanda na vyoo hufungwa, usiende. Kwanza maliza Jinba, kisha Tonodake, bila magoti kukulalamikia.

Baada ya kutembea wenzangu huingia onsen (bafu la chemchemi ya maji moto). Nina tatoo, na kuvua nguo mbele ya watu siwezi. — Mwanafunzi, Kawasaki

Huhitaji kuacha safari kwa hilo. Onsen nyingi haziruhusu tatoo. Tatoo ikiwa ndogo, baadhi ya onsen hukubali ukiifunika kwa plasta ya rangi ya ngozi, ila uliza mapokezi kabla ya kulipa. Nguo za kuogelea hazivaliwi kwenye bwawa la kawaida, wanaume na wanawake mbali mbali. Ulizia chumba cha faragha, kashikiri-buro, kinachokodishwa kwa muda. Ukiingia, jioshe kwanza kwa sabuni ukiwa umekaa kwenye kigoda, na taulo ndogo isiguse maji ya bwawa. Anayetaka safari inayoishia onsen aende Mitake: treni ya laini ya Ome hadi kituo cha Mitake, basi, treni ya kamba, hekalu kileleni mita 929, kisha tembea hadi Hinode, mita 902, na ushuke Tsuru-tsuru Onsen. Mabasi ya hapo kwenda kituo cha Musashi-Itsukaichi ni machache, kwa hiyo piga picha ratiba yake ukiwa mlangoni, kabla hujavua viatu.